Kusoma Data za Ukinzani wa Hewa kwa Mpira Unaozunguka

Ukifungua jedwali la majaribio ya mipira iliyopimwa kwenye upepo, safu moja itakuvutia kuliko nyingine zote: kizidishi cha ukinzani, ambacho vitabu vingi hukiandika Cd. Ni namba ndogo isiyo na kipimo, 0.15 au 0.43 au 0.6, na kishawishi cha kwanza ni kuichukua, kuiingiza kwenye kanuni na kuendelea na kazi. Subiri kidogo. Mpira unaozunguka hauna Cd yake ya kudumu kama ulivyo na tungamo au kipenyo. Namba hiyo hutegemea mambo matatu kwa pamoja, na majaribio mengi hubadilisha mawili kati ya hayo kwa mkupuo bila ripoti kulisema hilo waziwazi. Usipojua ni kipi kilishikiliwa na kipi kiliachwa kibadilike, utaisoma athari ya mzunguko ukidhani ni athari ya mwendokasi, au kinyume chake, na hesabu itatoka safi kabisa huku ikiwa imekosea. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa fizikia, mwalimu anayeandaa jaribio, na mtu anayeandika programu ya kuiga mwendo wa mpira. Mwongozo unachukulia kwamba tayari umeziona kanuni. Kazi iliyobaki ni kuzisoma data.

Kwa nini namba moja haitoshi

Historia inatupa ushahidi mzuri, tena kwa tufe lisilozunguka. Mwaka 1912 Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris, alipima ukinzani wa matufe katika handaki lake la upepo huko Auteuil na kupata thamani iliyokuwa karibu nusu ya ile iliyopatikana Göttingen, Ujerumani. Tofauti ya mara mbili hufanana sana na kosa la hesabu, na ilikuwa rahisi kudhani mmoja wao amesahau kugawanya kwa mbili mahali fulani. Hakuna aliyesahau. Eiffel alikuwa amepima kwa kasi kubwa zaidi, na tufe lililo kwenye kasi hiyo huwa limevuka mpaka: tabaka jembamba la hewa linaloambaa kwenye uso wake linaacha kutiririka kwa utulivu na kuanza kuvurugika. Hewa iliyovurugika hung'ang'ania uso kwa muda mrefu kabla ya kubanduka, mkia wa hewa nyuma ya tufe unakuwa mwembamba, na ukinzani unaporomoka. Ludwig Prandtl alilithibitisha hilo mwaka 1914 kwa kufunga pete ya waya mwembamba kwenye tufe, mbele kidogo ya sehemu yake pana zaidi. Waya, ambao kwa akili ya kawaida ungeongeza ukinzani, uliupunguza, kwa sababu uliilazimisha hewa ivurugike mapema.

Kwa tufe laini, Cd hukaa karibu na 0.5 kwa masafa marefu, kisha huporomoka hadi karibu 0.1 namba ya Reynolds inapofika kama 300,000. Uso wenye makwaruzo, mishono au vishimo huuleta mporomoko huo mapema zaidi. Vipimo vya mpira wa miguu ambavyo Takeshi Asai na wenzake walivichapisha mwaka 2007 vilionyesha mporomoko kati ya namba za Reynolds 220,000 na 300,000, Cd ikishuka kutoka takriban 0.43 hadi takriban 0.15. Igeuze namba hiyo kuwa mwendokasi na utaona uzito wa jambo: kwa mpira wa kipenyo cha sentimita 22 ni kati ya mita 15 na mita 20 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya pasi ndefu na krosi za kawaida. Kwa hiyo mpira wa miguu hupita kwenye mporomoko huo mara nyingi katika mechi moja, na mzunguko unapoongezwa juu ya hayo, kila upande wa mpira unaweza kuuvuka kwa wakati wake.

> Vitu utakavyohitaji kwenye karatasi
> Nguvu ya ukinzani: F = ½ × ρ × A × Cd × v²
> Namba ya Reynolds: Re = v × D ÷ ν
> Uwiano wa mzunguko: S = ω × R ÷ v
> ρ ni densiti ya hewa (karibu kilo 1.2 kwa mita ya ujazo usawa wa bahari), A ni eneo la mpira unapotazamwa kutoka mbele, D ni kipenyo, R ni nusu yake, ω ni kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde, na ν ni mnato wa hewa uliogawanywa kwa densiti yake, takriban 0.000015 kwa hewa ya nyuzi 20 usawa wa bahari.
> Mzunguko mmoja kwa sekunde ni radiani 6.28 kwa sekunde.

Re hukuambia hewa iko katika hali gani, S hukuambia mzunguko ni mkubwa kiasi gani ukilinganishwa na mwendo wa mbele, na la tatu ni hali ya uso: mishono, manyoya, vishimo, uchakavu. Cd isiyoandamana na hayo matatu isome kama uvumi.

Mtego wa mizunguko isiyobadilika

Hapa ndipo data nyingi hupotosha, na inafaa kupaangalia kwa karibu. Njia rahisi ya kupima mpira unaozunguka kwenye handaki la upepo ni kuufunga kwenye mhimili wa mota, kuweka mota kwenye mizunguko fulani, kisha kupandisha upepo hatua kwa hatua na kuandika nguvu. Mota haiguswi, kwa hiyo ripoti husema mzunguko haukubadilika. Ni kweli kwa mota. Kwa hewa si kweli, maana hewa haijui mota inazunguka mara ngapi kwa sekunde. Inachokutana nacho ni uwiano kati ya kasi ya uso wa mpira na kasi ya upepo. Tazama mpira wa miguu unaozunguka mara 10 kwa sekunde, kiasi kinachowezekana kwa mpira wa adhabu uliopindwa kwa nguvu:

| Upepo (m/s) | Re | S |
|---|---|---|
| 10 | 147,000 | 0.69 |
| 15 | 220,000 | 0.46 |
| 20 | 293,000 | 0.35 |
| 30 | 440,000 | 0.23 |

Re imepanda mara tatu, na S imeshuka hadi theluthi. Sasa chukulia kwamba Cd imeshuka kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Je, imeshuka kwa sababu hewa imevurugika na mkia umekuwa mwembamba? Au kwa sababu uwiano wa mzunguko umepungua, na mpira wenye S ndogo, ukishavuka mporomoko, kwa kawaida hukinzwa kidogo kuliko wenye S kubwa? Jedwali lenyewe haliwezi kujibu. Maelezo yote mawili yanaelekea upande mmoja, na mchoraji wa grafu akiweka mwendokasi kwenye mhimili wa mlalo, macho yataipa sifa kasi peke yake. Ili S ibaki 0.2 kati ya mita 10 na mita 30 kwa sekunde, mota ingelazimika kupandishwa kutoka mizunguko 2.9 hadi 8.7 kwa sekunde. Ukikuta ripoti iliyofanya hivyo, ithamini kuliko zile zenye vidoto vingi zaidi.

Namna ya kufanya

1. Badilisha kila nukta kuwa Re na S kabla ya kuchora chochote. Usiridhike na mwendokasi na mizunguko kwa dakika. Tumia densiti na mnato wa siku na mahali pa jaribio, usichukue tu thamani za kitabuni. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nyuzi 20 ina densiti ya takriban kilo 0.98 kwa mita ya ujazo. Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 ni kama 1.16. Mpira uleule unaoanza kuporomoka ukinzani kwenye Re ya 220,000 utafika hapo kwa mita 16 kwa sekunde Dar es Salaam na kwa zaidi ya mita 18 Nairobi. Mtu akilinganisha data za miji hiyo kwa mwendokasi mtupu ataona mipira miwili tofauti.

2. Chora ramani ya nukta: Re kwenye mlalo, S kwenye wima, bila Cd. Hatua hii huchukua dakika chache na wengi huiruka. Nukta zikijipanga kwenye mkunjo mmoja unaoteremka, ujue mizunguko ilishikiliwa, na huwezi kutenganisha athari mbili kwa data hizo pekee. Zikitapakaa kama shamba lililopandwa kwa mistari, una bahati. Kabla ya kuendelea, andika pembeni ni eneo gani la ramani halina nukta hata moja, maana huko hutakuwa na haki ya kutabiri.

3. Kata vipande. Chagua nukta zenye S inayokaribiana, tuseme kati ya 0.17 na 0.23, na uchore Cd dhidi ya Re kwa hizo tu. Kisha chagua ukanda mwembamba wa Re na uchore Cd dhidi ya S. Mporomoko wa kweli wa ukinzani utaonekana kwenye mchoro wa kwanza. Gharama ya mzunguko itaonekana kwenye wa pili. Ukilazimika kuunganisha vyanzo viwili ili upate nukta za kutosha, hakikisha uso wa mpira ni wa aina moja. Jabulani, mpira wa Kombe la Dunia la mwaka 2010, ilikuwa na vipande 8 na uso laini, na mporomoko wake ulitokea kwenye kasi kubwa kuliko wa mipira ya kale ya vipande 32. Wala usihesabu vipande ukadhani umemaliza: Brazuca ya Kombe la Dunia la 2014 ilikuwa na 6 tu, lakini mishono yake ilikuwa mirefu zaidi kwa jumla, na tabia yake ikarudi karibu na ya mipira ya zamani.

4. Soma nguvu ya kupinda pamoja na ukinzani. Mpira unaozunguka husukumwa pia kwa pembeni au juu, na nguvu hiyo hutoa ushahidi ambao Cd peke yake inauficha. Kwa kawaida hewa hubanduka mapema upande wa mpira unaokwenda kinyume na upepo na kuchelewa upande mwingine, mkia unainama, na mpira unapinda tulivyozoea kuona. Lakini J. W. Maccoll mwaka 1928, na J. M. Davies mwaka 1949 kwa mipira laini ya ukubwa wa gofu, waliona nguvu ikielekea upande usiotarajiwa kwenye mizunguko midogo. Maelezo yanayokubalika ni haya: upande unaokabili upepo hukutana na hewa kwa kasi ya takriban v(1 + S), na upande wa pili kwa v(1 − S). Ukiwa na Re ya 200,000 na S ya 0.3, pande hizo hujiona kama ziko kwenye 260,000 na 140,000. Ikiwa mpaka wa kuvurugika uko katikati, upande wa kwanza huvurugika peke yake, hewa yake huchelewa kubanduka, na mkia huinama kinyume. Kwa hiyo ukiona nguvu ya kupinda imepungua ghafla au imegeuka ishara, Cd ya hapo inatoka kwenye mpira ulio nusu huku nusu kule. Usiiingize kwenye wastani wa upande wowote.

5. Piga hesabu ya makosa kabla ya kupenda mkunjo. Cd hutoka kwa kugawanya nguvu kwa v², basi kosa la asilimia 2 kwenye mwendokasi huwa asilimia 4 kwenye Cd. Kipenyo nacho kiko kwenye eneo kwa mraba. Mwelekeo ni hatari zaidi ya vyote: kama kizidishi cha nguvu ya kupinda (kinachohesabiwa kama Cd) ni 0.25 na mhimili wa kipimo umekosea kwa nyuzi 5, kiasi cha 0.022 kitavuja kutoka kwenye nguvu ya kupinda na kuingia kwenye Cd. Ikiwa Cd halisi ni 0.2, hilo ni kosa la asilimia 11, na litaongezeka mzunguko unapoongezeka, kwa sababu nguvu ya kupinda nayo huongezeka. Yaani kosa la kufunga fimbo inayoushika mpira litajifanya athari ya mzunguko.

Pingamizi zinazostahili jibu

Pingamizi la kwanza ni la mtu wa vitendo: kwa nini nisichukue wastani wa Cd na kumaliza? Wakati mwingine unaweza. Mpira wa tenisi ni mfano mzuri, kwa kuwa manyoya yake huivuruga hewa mapema na yenyewe huongeza ukinzani, hivyo Cd yake hukaa karibu na 0.6 bila kuyumba sana na Re katika kasi za mchezo. Hapo kinachobaki ni S na uchakavu wa manyoya, na wastani uliochukuliwa kwa busara hautakuaibisha. Kwa mpira wa miguu hali ni nyingine, kwa sababu kasi za mchezo zinakaa pande zote mbili za mporomoko. Wastani wa 0.43 na 0.15 ni 0.29, thamani ambayo mpira huipitia kwa muda mfupi tu ukiwa njiani kutoka hali moja kwenda nyingine. Programu inayotumia 0.29 itazuia mno mashuti na kuzuia kidogo mno pasi, na makosa hayo hayafutani.

Wengine hudai kwamba data za handaki hazifai kwa sababu mpira umeshikwa na fimbo, na kwamba ni afadhali kupiga mpira uwanjani na kuufuata kwa kamera. Kuna ukweli ndani yake: fimbo inayoingia kutoka nyuma huugusa mkia uleule tunaotaka kuupima, na kuta za handaki dogo huibana hewa. Ripoti nzuri hueleza jinsi fimbo ilivyopimwa peke yake na ni sehemu gani ya mlango wa handaki iliyozibwa na mpira. Lakini uwanja una deni lake. Mpira wa gramu 430 wenye Cd ya 0.2 ukianza kwa mita 25 kwa sekunde utapoteza karibu asilimia 10 tu ya kasi yake katika mita 10, na kufika kwenye 22.5. Ukipima kila kasi kwa kosa la asilimia 1 hivi, la robo mita kwa sekunde, kosa kwenye Cd litakuwa karibu asilimia 14. Kuna upepo pia: mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde ardhini dhidi ya upepo wa mita 2 hukutana na hewa kwa 22, na nguvu huzidi kwa asilimia 21 ambazo kamera haikuziona. Isitoshe, S hupanda njiani kwa kuwa mwendo wa mbele hupungua haraka kuliko mzunguko. Cd ya uwanjani ni wastani wa safari nzima, na inafaa zaidi kuhakiki mkunjo wa handaki kuliko kuuchukulia nafasi.

Pingamizi la tatu huja likiwa limevaa joho la takwimu: nukta zilizotawanyika ni kelele, zilainishe. Kuwa mwangalifu hapa. Mpira usiozunguka, au unaozunguka taratibu mno, huathiriwa na mishono ilipo. Ugeuze kidogo na nguvu itabadilika, na wakati mwingine itayumba yenyewe bila kuguswa. Ukizungushwa kwa kasi, mishono yote hupita mbele ya upepo na kujisawazisha. Ndiyo maana nukta za S karibu na sifuri hutawanyika kuliko nyingine hata vyombo vikiwa vilevile. Kuzilainisha kwa kipimo kimoja ni kufuta tabia halisi ya mpira wa "kuogelea" hewani ambao makipa huulalamikia. Zipe mistari mirefu ya makosa, ziache zionekane, na useme mishono ilielekezwa vipi ikiwa ripoti imeeleza.

> Kabla ya kuichukua namba, hakikisha
> ☐ Re na S za kila nukta zimehesabiwa kwa hewa ya mahali pa jaribio
> ☐ Imeelezwa ni kipi kilishikiliwa: mizunguko ya mota, upepo, au S
> ☐ Eneo A ni πR², si uso mzima wa tufe (kosa hili huigawa Cd kwa nne)
> ☐ S imetumia nusu ya kipenyo. Baadhi ya waandishi hutumia kipenyo kizima na kupata maradufu
> ☐ Mhimili wa mzunguko uko kwa pembe mraba na upepo. Ukiinama, sehemu tu ya mzunguko ndiyo inayopinda mpira
> ☐ Aina ya uso na uchakavu wake vimetajwa
> ☐ Nguvu ya fimbo imeondolewa
> ☐ Ishara ya nguvu ya kupinda imeangaliwa karibu na mporomoko

Data zikikosa kipande

Mara nyingi utakutana na jedwali lenye mwendokasi na Cd, na maelezo kwamba mpira "ulizunguka", basi. Usilitupe. Kadiria mzunguko mdogo na mkubwa unaowezekana kwa chombo kilichotumika, hesabu S kwa ncha zote mbili, na uichore kila nukta kama mstari wa wima kwenye ramani ya hatua ya pili. Kisha uliza hitimisho lako kama lingesimama kwenye ncha ya chini na kwenye ncha ya juu. Likisimama kote kuwili, nukta hiyo inaruhusiwa kubaki kwenye hesabu. Likianguka upande mmoja, ibakize kwenye mchoro kwa rangi nyingine na uitoe kwenye mkunjo. Iliyokosa taarifa ya uso wa mpira iwekee masharti makali zaidi ikiwa Re yake iko kati ya 100,000 na 400,000, kwani humo ndimo uso unapoamua mporomoko utokee wapi. Nje ya ukanda huo, kwa mipira mingi ya michezo, unaweza kuvumilia zaidi.